Ufunguo wa Chumvi

Mimi ni mkali, sikatai. Kwenye kibanda changu cha chakula pale Iguguno, kando ya barabara, asiyenawa mikono simpakulii, awe dereva wa lori au awe mchungaji wa kanisa. Niliachika mapema, na nadhani ukali huo ulichangia, ingawa aliyeniacha naye alikuwa na yake, tuyaache. Nayasema haya mwanzoni ili usije ukadhani nilikosea kwa upole. Nilikosea kwa sauti kubwa, na watu walinisikia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa alizeti, mrefu, mwembamba, mwenye maneno ya utani hata shambani jua likiwa utosini. Mama alishatangulia. Kaka yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, ni dereva wa malori ya mizigo na nyumbani huonekana kwa nadra. Kwa hiyo aliyebaki na baba, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani, alikuwa mke wa kaka, wifi yangu, pamoja na watoto wake. Wifi ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anaitikia vizuri, ukimsema vibaya anaendelea kuchambua mboga zake. Mimi mtu wa namna hiyo alikuwa ananikera, kwa sababu sikujua anawaza nini.

Mwaka ule baba alinenepa. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mifupa na mshipi, uso ukajaa, tumbo likatoka, miguu ikawa minene. Majirani walikuwa wakinisimamisha njiani: mzee amenawiri, hongera, mnamtunza. Nami niliipokea hongera kifua mbele. Kila Jumapili nilikuwa nampelekea kuku, mchuzi mzito, na mafuta ya alizeti yetu wenyewe. Nilijiambia kwamba ndiyo matunda ya mtoto wa kike.

Wifi ndiye aliyeniambia. Nilimkuta uani anapepeta uwele, akaniambia bila kuinua macho, "Wifi, ile miguu ya baba si unene."

"Ni nini sasa?"

"Kandambili hazimwingii tena. Na siku hizi hulala amekaa, ameegemea gunia. Akilala chali anakohoa mpaka anasimama."

Kwetu mke wa mwana hamshiki baba mkwe mguu. Hata kukaa naye karibu kwenye mkeka mmoja ni aibu. Kwa hiyo alikuwa ameyaona yote hayo kwa mbali, wiki baada ya wiki, akisubiri nije mimi mwenye ruhusa. Niliingia ndani nikambonyeza baba juu ya kifundo cha mguu. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki palepale, kama umebonyeza ugali uliopoa. Baba akaliangalia shimo lile, akaniangalia mimi, akasema, "Umenitoboa." Nilicheka, lakini nilikuwa nimeogopa.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu siku ya kliniki ya moyo. Nilikuwa sijui kwamba moyo una magonjwa mengi. Kwetu mtu akiumwa moyo, swali la kwanza ni: nani kamuudhi? Tunadhani ni mawazo tu, ni uchungu wa watoto au wa mke. Pale kwenye benchi nilimkuta msichana wa sekondari, mwembamba, ambaye mama yake alinieleza kwamba utotoni aliumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa sawasawa, ikafuata homa ya viungo, na homa ile ikaharibu milango ya ndani ya moyo. Kulikuwa na mama kijana mwenye kichanga mgongoni. Moyo wake ulitanuka baada ya kujifungua tu. Kulikuwa na mwenye duka mmoja, mnene, ambaye kifua kilimbana akipanda kilima, maumivu yakashuka mpaka mkono wa kushoto, kwa sababu mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba. Wote hao hakuna aliyewaudhi. Nilikaa nikiwasikiliza, nikaona tumekuwa tukiishi gizani.

Ugonjwa wa baba ulikuwa presha. Kumbe alipimwa zamani, akapewa vidonge, akavimeza miezi michache, akajisikia mzima, akaviacha. Daktari, kijana mpole, alitumia pampu ya kisima kutuelewesha. Alisema presha ni kama kusukuma pampu wakati bomba limebanwa. Utasukuma, maji yatatoka, lakini miaka ikienda ule mpira wa ndani unalegea. Moyo wa mzee umechoka kusukuma na umetanuka. Maji yaliyotakiwa kwenda mbele yanarudi nyuma, yanajaa mapafuni, ndiyo maana anakohoa akilala, na yanashuka miguuni, ndiyo mnaona amenenepa.

"Kwa hiyo nilikuwa nanenepa maji," baba akasema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na huyu alikuwa anapewa hongera."

Tukapewa vidonge, kimoja cha kumfanya akojoe, vingine vya presha na vya kuusaidia moyo, vyote vya kila siku bila kuruka. Na chumvi ikome, kwa sababu chumvi inashika maji mwilini. Daktari akaniuliza kama nina swali. Mimi, mpishi wa miaka yote hiyo, mtu anayelisha malori, nitakuwa na swali gani kuhusu chumvi? Nikamjibu, "Sina. Nimeelewa."

Nilihamia kwa baba siku hiyohiyo, kibanda nikamwachia msaidizi wangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kulichukua kopo la chumvi la jikoni, nikalifungia kwenye sanduku langu la bati, na ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi mweusi. Wifi na watoto wake nikawaambia kila anayekula nyumba ile atakula chakula cha mzee. Baba akautazama ufunguo, akasema hata marehemu mama hakuwahi kumfungia chumvi, kwamba sasa ameoa upya na safari hii ameoa askari. Nilimwambia anyamaze ameze dawa.

Wiki mbili za kwanza maji yalitoka. Miguu ikapungua, mifupa yake tuliyoijua ikarudi. Alilala akiwa amejinyoosha, na asubuhi nilipomkuta hivyo nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Nilitaka aishi. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, na mama alishaondoka. Baba alikuwa mtu wangu wa mwisho wa kumpelekea kuku Jumapili.

Lakini alikuwa hataki kula. Kila nilichopika alikionja, akakirudisha. Kuku bila chumvi alisema ni kama kutafuna shuka. Nikajaribu ndimu, nikajaribu pilipili, kitunguu, nyanya, wapi. Akaanza kukonda kweli, siyo kukonda kwa maji kupungua. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nitakufa na njaa nikiwa na moyo mzuri."

Ndipo nikapika mlenda. Ninayemwandikia huenda si wa kwetu, kwa hiyo nieleze. Mlenda ni mboga ya majani ya kuteleza, na sisi tunaula na ugali wa uwele karibu kila siku. Mlenda haupikwi bila magadi. Ni vile vibonge vya kijivu vinavyouzwa mnadani. Unaloweka kimoja kwenye kikombe, uchafu ukitulia chini unachukua yale maji ya juu, unayatia chunguni. Ndiyo yanayoufanya uvutike, na ndiyo yanayoupa ladha. Kwetu magadi ni magadi na chumvi ni chumvi. Hakuna mtu anayevichanganya, kama asivyochanganya sukari na unga.

Baba alikula. Alikula ugali wote, akafuta bakuli kwa kidole, akasema, "Hapo sasa." Kama hukuwepo huwezi kujua nilivyojisikia. Tangu siku hiyo nikampikia mlenda mchana na jioni, na kwa kuwa chumvi haipo niliongeza magadi kidogo kuliko ilivyo kawaida, ili apate hamu. Maharage nayo nikayatia magadi, yaive upesi na yalainike.

Wifi alinikuta siku moja namimina kikombe kile. Akasimama mlangoni akiwa na ndoo.

"Wifi, na hayo magadi hayana shida?"

"Magadi siyo chumvi."

"Nauliza tu. Ulimi unayasikia kama ndugu yake."

"Kliniki nilikwenda mimi au ulikwenda wewe?" nikamwambia. "Kama umesoma udaktari, njoo ushike mwiko."

Aliiweka ndoo chini, akaondoka. Maneno yale nayakumbuka neno kwa neno, mpaka mlio wa ndoo kwenye sakafu. Mdomo huponza kichwa, wanasema, ila wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Miguu ya baba ikaanza kujaa tena. Mwanzo kidogo, alama tu ya soksi. Kisha lile shimo la kidole. Kisha gunia likarudi kitandani, akawa analala amekaa. Nilihesabu vidonge, vyote alikuwa anavimeza. Nikapekua jikoni. Nikawaza kama tunavyowaza kwetu siku zote: mgonjwa hazidiwi bure, lazima yupo mtu.

Nikampata. Chini ya kitanda cha wifi, kwenye mfuko wa rambo, palikuwa na pakiti ya chumvi iliyofunguliwa.

Siku hiyo shangazi alikuwa amekuja kutoka Kiomboi kumwona kaka yake, na majirani wawili wa kike walikuwa uani wamekaa naye. Nilitoka na ile pakiti mkononi. Nilimwita wifi mbele yao wote, nikamwuliza hii ni nini. Akasema ni ya watoto, kwamba mdogo alikuwa amegoma kula, akawa anamtilia kidogo kwenye sahani yake pembeni. Nikamwambia mwongo. Nikamwambia amemchoka mzee, anataka nyumba na shamba vibaki kwake na mumewe. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema mengi, na niliyasema kwa ile sauti ninayotumia kibandani dereva akitaka kuondoka bila kulipa.

Shangazi alishika mdomo. Majirani waliangalia chini. Wifi alisema mara moja tu, "Sijampa baba chumvi," akaingia ndani.

Kabla hata jioni haijafika habari ilikuwa imefika kisimani. Na kisima chetu kikishajua, na kanisa limejua, na msikiti umejua. Hakuna mtu aliyemtukana wifi, sisi si watu wa hivyo. Walipunguza tu salamu. Kaka alipiga simu kutoka safarini, sikujua alimwambia nini mkewe, lakini nilimwona amekaa na ile simu mapajani muda mrefu baada ya kukatika.

Siku nne baadaye baba alishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Tukampeleka. Nilitaka niende peke yangu, lakini hakuna mwingine wa kubeba vitu, ikabidi wifi aje. Alikaa nyuma kabisa ya gari, na bakuli la chakula amelipakata.

Walimtundikia oksijeni na kumchoma sindano za kutoa maji. Alipotulia, muuguzi mmoja mtu mzima alinivuta kando, akataka nimtajie chakula cha mzee, mlo kwa mlo. Wifi alikuwa hatua mbili kutoka tuliposimama. Nikaanza kumweleza habari za chumvi, ufunguo, na mtu wa ndani ya nyumba. Akanikatiza kwa upole.

"Dada, nitajie chakula kwanza. Jana mchana alikula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Mnautia magadi?"

"Ndiyo, mlenda utapikwaje?"

"Kila siku?"

"Mchana na jioni. Na maharage."

Muuguzi akasema magadi na chumvi ni ukoo mmoja, kile kinachoshika maji kimo humo na humo, na kwa mgonjwa wa moyo ni yaleyale. Akasema wengi huku kwetu hawajui, yeye mwenyewe huwauliza wagonjwa kwa sababu mama yake ni wa huku. Akaongeza, "Tena moyo wake ulishachoka sana. Usiseme ni magadi peke yake." Hilo la mwisho nimejaribu kulishika miaka hii yote, halishikiki.

Muuguzi alikuwa akisubiri nijibu, na pale nyuma yangu nikasikia sauti ya wifi.

"Hatukujua," alisema.

Hakusema hakujua, wala hakusema kwamba aliniuliza nikamfukuza jikoni. Alisema hatukujua, kana kwamba kikombe kile tulikishika wote wawili. Laiti angenizaba kofi.

Baba aliishi siku sita. Siku ya tano alikuwa na nafuu, na akili yake yote ilikuwepo, akaniomba mlenda. Nikaenda kwenye jiko la wanaouguza wagonjwa, nikaupika bila chochote. Ulikuwa maji na majani. Alikula matonge mawili, akanitazama, akanishika mkono.

"Wa juzi ulikuwa mtamu," akasema. "Lakini usijali. Wewe ndiye umeniweka mpaka leo."

Hapo ndipo pa kumwambia. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, mdomo ulikuwa karibu kabisa na sikio lake. Nikasema, "Pumzika, baba." Alikufa kesho yake asubuhi, akiwa anaamini nililinda maisha yake, na mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya mama. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani, watu wakasimama mmoja mmoja kushukuru. Shangazi alisimama akanisifu. Alisema mtoto wa kike ni mtoto, kwamba niliacha biashara yangu nikaja kumlinda kaka yake, nikavaa ufunguo shingoni mchana na usiku. Kisha akasema, pasipo kumtaja mtu, kwamba mlinzi akiwa mmoja na milango ikiwa miwili, mwizi atapita tu. Watu wakaguna. Wifi alikuwa kwenye mafiga anakoroga uji wa waombolezaji, na mgongo wake haukugeuka.

Nikasimama. Ufunguo nilikuwa bado nimeuvaa. Nikasema yote. Nikasema aliyempa baba kilichomjaza maji ni mimi, kwa mkono huu, kwa magadi ya mlenda, mchana na jioni. Nikasema wifi aliniuliza nikamfukuza. Nikasema pakiti ile ilikuwa ya mtoto kweli. Nilisema huku nalia, na nilikuwa sijazoea kusema huku nalia, maneno yalikuwa yanakatika.

Halafu mzee mmoja wa ukoo akasema taratibu, "Magadi? Sisi sote hapa tumekulia magadi. Baba zetu walikufa na miaka tisini wanakula magadi."

"Ni uchungu," mwingine akasema. "Mwacheni akae."

Na shangazi akaja akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, sauti imejaa mapenzi, "Una moyo mzuri sana, mwanangu. Mpaka unamsitiri wifi yako."

Nilirudia. Nilirudia siku hiyo, na nimerudia kisimani, kanisani, kwa kaka kwenye simu na ana kwa ana. Kaka ananiamini, au anasema ananiamini. Wengine kadiri ninavyosema ndivyo wanavyonisifu kwa roho nzuri. Nilipomsingizia wifi, walinisikia mara moja tu na ikatosha.

Wifi nilimwomba msamaha jikoni, nikiwa nimekaa chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe, wifi. Wewe hukunikosea kwa kusudi." Akainuka akaepua sufuria. Nilidhani yameisha.

Siku hizi naenda pale kila Jumapili, na kuku wangu, kwa ajili ya watoto. Ufunguo nilishautupa, na kopo la chumvi lipo juu ya kabati wanapoliona wote. Wifi anapika kama zamani: anachambua, anakaanga, anakoroga, na ni mpishi mzuri kuliko watu wanavyojua. Lakini chakula kikikaribia kuiva, anaacha mwiko, anafuta mikono, anatoka mpaka mlangoni. Akiniona mimi ananiita mimi, nisipokuwepo anamwita jirani, au mpita njia yeyote mwanamke mwenye umri. Anasogea pembeni, mikono nyuma, akisubiri.

"Njoo," anasema, "unitilie chumvi."